Mama wa Nyumbani na Kinga Aliyosahauliwa

Wakala wa bima abishapo hodi katika nyumba zetu za Pwani, swali lake la kwanza ni hili: "Baba yuko?" Akimkosa, huaga akaenda zake. Mama aliyemfungulia mlango hana mshahara, basi huonekana hana cha kukingiwa.

Hebu tuitazame siku yake. Huamka kabla ya alfajiri, akapika, akawaandaa watoto kwenda skuli. Jioni huwapeleka chuoni. Kati ya hapo kuna nguo, soko, na pengine mama mkwe aliyelala kitandani. Mwenyezi Mungu akimchukua mama huyu, au akipooza, kazi hizo hazikomi. Mjane hukaa eda miezi 4 na siku 10. Mume aliyefiwa hana eda, na mwajiri wake atamngoja siku chache tu baada ya hitima. Nyanya na shangazi husaidia kwa mapenzi, lakini nao wana umri wao.

Tuseme yaya, mpishi na nauli ya tuktuk vitagharimu shilingi 20,000 kwa mwezi, na mtoto mdogo ana miaka 4. Mpaka atimize miaka 16, jumla ni shilingi 2,880,000. Hiyo ndiyo thamani ya mtu tuliyesema "hafanyi kazi". Bima ya mazishi, ambayo ndiyo huuzwa kwa wepesi, sisi hatuihitaji sana: sanda si ghali na maiti wetu hazikwi kwa fahari. Kinga yenye maana ni ile inayogusa pia ulemavu na maradhi mazito. Bima ya afya ya serikali, SHA, humfikia mke kupitia mchango wa mume madhali ameandikishwa. Lakini hiyo hulipa hospitali, haimlipi yaya.

Je, ni halali? Mwaka 1985, mjini Jeddah, Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lilikataa bima ya kibiashara kwa sababu ya gharari iliyomo, likajuzisha ile ya kusaidiana. Katika takafuli, mchango hutolewa kwa nia ya tabarrui. Mfuko ni wa washiriki, na kampuni husimamia kwa ujira unaojulikana. Kampuni ya kwanza ya takafuli nchini Kenya ilianza mwaka 2011. Lakini uliza vyema, kwani kukinga gari si kukinga familia.

Jambo moja hupuuzwa: jina la mpokeaji. Wako wanavyuoni waonao kwamba fedha hizo ni tirka, na wako waonao kuwa ni hiba kwa aliyetajwa. Zikiwa tirka, mume mwenye watoto hupata robo, wazazi wa marehemu sudusi kila mmoja, na salio ni la watoto. Muulizeni kadhi kabla ya kutia saini, si baada ya msiba.

Na nani alipe? Kwa maoni yangu, mume, kwani pengo litakuwa lake. Lakini kwanza mama aandike kwa juma moja kila alifanyalo tangu alfajiri hadi isha, na karatasi hiyo isomwe na wote wawili kabla wakala hajabisha hodi tena.