Friza hukamata maji, haikamati sumu

ARUA. Wapo wauzaji wa pombe kali wanaoamini kipimo kimoja: weka chupa kwenye friza usiku kucha. Ikiganda, umeuziwa feki. Ikibaki inamiminika, ni mali safi. Kwa mfanyabiashara anayenunua katoni Arua mjini na kuzipeleka Ajia, Vurra au Koboko, au kuzivusha hadi Kongo na Sudan Kusini, kipimo hicho ni rahisi na hakina gharama. Tatizo ni kwamba nusu yake ni kweli, na nusu ya pili inaweza kuua.

Tuanze na ukweli wake. Maji safi huganda kwenye nyuzi sifuri za Selsiasi. Ethanoli, yaani kilevi chenyewe, haigandi hadi nyuzi 114 chini ya sifuri. Vikichanganywa, kilevi huzuia maji kujipanga kuwa barafu, na kadiri kinavyozidi ndivyo baridi kali zaidi inavyohitajika. Bia ya asilimia 5 huanza kuganda kwenye nyuzi 2 hivi chini ya sifuri, na kwa kuwa barafu hutanuka kwa takribani asilimia 9, chupa hupasuka. Waragi ya asilimia 40 huhitaji takribani nyuzi 25 chini ya sifuri. Friza ya kawaida hufika 18 tu, kwa hiyo waragi hiyo haitaganda. Itakuwa nzito kidogo tu.

Sasa mtu akiongeza maji hadi kilevi kishuke asilimia 20, kinywaji kitaanza kuganda kwenye nyuzi 9 hivi chini ya sifuri. Hapo friza itamuumbua. Lakini akiongeza maji kidogo tu, au umeme ukiwa dhaifu na friza isipoe vizuri, chupa itapita.

Hatari kubwa iko kwenye methanoli, pombe ya viwandani isiyofaa kunywewa. Methanoli huganda kwenye nyuzi 98 chini ya sifuri, na ikichanganywa na maji huyazuia kuganda kama ethanoli inavyofanya. Chupa yenye sumu hiyo itatoka kwenye friza ikiwa majimaji, na mnunuzi ataisifu kuwa kali. Kipima kilevi kinachoelea nacho hakisaidii, kwani uzito wa pombe hizi mbili unakaribiana sana. Kuiwasha moto pia ni bure: zote huwaka. Maabara pekee ndiyo hutenganisha.

West Nile inayajua madhara yake. Agosti 2022, watu wasiopungua 10 walifariki katika eneo la Arua baada ya kunywa jini iliyobainika kuwa na methanoli. Kabale, kusini-magharibi mwa Uganda, waragi yenye sumu hiyo iliua makumi ya watu mwaka 2010.

Mwilini, ini huigeuza methanoli kuwa asidi inayoharibu mishipa ya macho. Mililita 10 zinaweza kupofusha. 30 zinaweza kuua. Dalili huweza kuchelewa saa 12 hadi 24: kichwa, kutapika, tumbo kuuma, macho kuona ukungu. Mtu huyo asiachwe alale akidhaniwa ana mning'inio. Apelekwe hospitali mara moja, kwani akiwahi dawa ipo.

Kwa mfanyabiashara, kinga ni karatasi kuliko baridi. Nunua kwa msambazaji anayejulikana, dai risiti, kagua kizibo, alama ya Shirika la Viwango la Uganda (UNBS) na stempu ya kodi ya URA, kisha andika namba ya bechi. Alama hazimalizi hatari zote, lakini bechi ikigundulika kuwa mbovu, utajua ni katoni zipi za kuondoa na ni wateja gani wa kupigia simu, hata kama wako ng'ambo ya mpaka. Jini ya bei ya kutupa, isiyo na risiti, iache hapo hapo, hata kama haijaganda.