Bei ya Nyundo na Bei ya Gari



Watu wengi hudhani kwamba motokaa iliyouzwa mnadani ni motokaa ya bei rahisi, na kwamba bei anayoitaja dalali anapogonga nyundo ndiyo bei yote. Mimi pia nalidhani hivyo mpaka likizo ya Juni iliyopita. Sasa najua ya kuwa bei ile ni malipo ya kwanza tu, na nyuma yake yako malipo mengine yanayofuatana kama mabehewa nyuma ya kichwa cha treni. Nataka kuyaeleza moja moja, kwa sababu wengi wetu tunakaribia kumaliza kidato cha nne, na siku moja baba zetu au wajomba zetu watatuita tuwe makarani wao, kama nilivyoitwa mimi.

Kwetu ni Nangara, katika mji wa Babati. Baba yangu mdogo hununua alizeti kwa wakulima, huikamulisha, kisha huyachukua mafuta katika madumu na kuyauza vijijini. Kwa miaka mingi amekuwa akikodi gari la watu, na mara nyingi faida yote imeishia katika kodi hiyo. Basi mwaka huu alikuwa ameweka akiba ya shilingi 5,000,000, akasema, "Sasa nanunua gari langu mwenyewe."

Hapa sina budi kueleza jambo moja. Kwetu neno mnada lina maana mbili. Kuna mnada wa mifugo, ambao kila mtu wa Babati anaujua: mnapatana bei, unalipa, unamfunga ng'ombe kamba, unamswaga hadi nyumbani. Na kuna mnada wa dalali, ambamo watu hushindana kutaja bei na wa juu kabisa ndiye mnunuzi. Baba mdogo alikuwa mzoefu sana wa mnada wa kwanza, akauendea wa pili kwa akili ile ile. Yeye alidhani gari nalo hufungwa kamba likaswagwa.

Tangazo la mnada lilikuwa katika gazeti. Mnada ulikuwa Arusha, yapata kilomita 170 kutoka kwetu. Baba mdogo alinipa gazeti akaniambia, "Msomi, nisomee." Nami nikasoma kwa sauti ya kujivuna orodha ya magari, siku, saa na mahali. Chini yake palikuwa na maandishi madogo yenye kichwa "Masharti ya Mnada". Hayo sikuyasoma. Niliona ni marefu, na tena nilidhani ni maneno ya kisheria tu ambayo huandikwa kila siku. Nikalikunja gazeti, nikalitia mfukoni.

Tulifika Arusha asubuhi ya siku ile ile ya mnada. Baadaye nilikuja kuona kwamba tangazo lilitoa ruhusa ya kuyakagua magari siku mbili kabla. Sisi tulichungulia madirishani tu, tukapiga magurudumu teke kama tulivyoona wengine wakifanya.

Gari la kwanza lililotuvutia lilikuwa kubwa, refu, lenye namba za DFP. Namba hizo ni za magari ya miradi inayogharimiwa na wafadhili. Bei ilianza chini sana, na Baba mdogo akainua mkono. Mzee mmoja aliyesimama karibu nasi, ambaye alituambia kuwa alikuwa dereva wa mradi zamani, akamshika mkono akauteremsha. Akatueleza hivi: gari la mradi kwa kawaida huingizwa nchini kwa msamaha wa kodi, na msamaha ule ni wa mradi, si wa gari. Likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, kodi zile zote huamka, na mnunuzi ndiye anayezilipa.

Nimefanya hesabu yake ili mwone. Tuseme Mamlaka ya Mapato Tanzania, yaani TRA, imelithamini gari hilo kwa shilingi 6,000,000. Ushuru wa forodha ni asilimia 25, yaani 1,500,000. Jumla inakuwa 7,500,000. Kwa injini iliyozidi cc 2,000, ushuru wa bidhaa ni asilimia 10 ya jumla hiyo, yaani 750,000. Sasa tuko kwenye 8,250,000. Kodi ya Ongezeko la Thamani ni asilimia 18 ya jumla hii mpya, nayo ni 1,485,000. Angalieni kwamba kila kodi hupandishwa mgongoni mwa ile iliyotangulia. Mwisho wake ni shilingi 9,735,000, na hapo bado tozo nyingine ndogo, na bado ushuru wa uchakavu ambao hutozwa magari yaliyopita umri uliowekwa. Tena thamani inayohesabiwa ni ile iliyokadiriwa na TRA, si lazima iwe ile aliyoitaja dalali. Aliyelinunua gari lile siku ile alishangiliwa na watu. Sijui kama nyumbani kwake walishangilia.

Tulimshukuru mzee yule, tukaona ya kuwa hatari imepita. Kumbe kubwa ndilo lililopita, madogo yalikuwa yakitungoja.

Likaja gari dogo, Probox ya cc 1,500, lenye namba za kawaida za T, ambalo kodi zake za kuingia nchini zilikwisha kulipwa zamani. Lilikuwa la mtu aliyeshindwa kulipa mkopo. Baba mdogo akashindana na watu wawili mpaka shilingi 4,600,000. Dalali akagonga nyundo. Baba mdogo akanigeukia akicheka, akasema, "Na laki nne zimebaki. Tutakunywa soda." Ndipo yakaanza haya yafuatayo.

Kwanza, amana. Tulitakiwa kulipa asilimia 25 ya bei papo hapo, yaani shilingi 1,150,000, na iliyobaki, 3,450,000, katika siku 14. Sharti hili huonekana katika matangazo mengi ya minada, ya Serikali na ya watu binafsi. Anayeshindwa kumaliza katika muda huo hupoteza gari na amana hairudishwi. Baba mdogo alilipa yote kesho yake, kwa kuwa fedha alikuwa nazo.

Pili, ada ya dalali. Pengine hutozwa muuzaji, pengine mnunuzi. Hapana njia ya kujua ila kusoma masharti. Kwetu ilikuwa mnunuzi, asilimia 3, yaani shilingi 138,000.

Tatu, kuhamisha umiliki. Gari si lako mpaka kadi ya usajili iwe na jina lako, na kazi hiyo hufanywa TRA. Tulilipa ushuru wa stempu asilimia 1 ya thamani, yaani 46,000. Ada ya kuhamisha, 50,000. Na kadi mpya, 10,000. Mnunuzi awe na namba yake ya mlipa kodi, yaani TIN, pamoja na hati ya dalali na kadi ya asili. Aangalie pia kwamba namba ya chasi na ya injini zilizo katika kadi ndizo zilizo katika gari.

Nne, faini za barabarani. Makosa ya dereva wa zamani huandikwa kwa namba ya gari, na askari akilisimamisha gari haulizi mwenyewe wa zamani yuko wapi. Lile letu lilikuwa na faini tatu za shilingi 30,000 kila moja, jumla 90,000. Deni hili mtu aweza kulitazama kwa simu yake kabla ya mnada, kwa kutumia namba ya gari tu. Sisi tulilitazama baada ya mnada.

Hapa niwaeleze kitu ambacho Baba mdogo alikiogopa bure. Alikuwa amesikia kwamba magari ya mnada hudaiwa leseni ya barabara ya miaka mingi. Ada hiyo ya kila mwaka ilifutwa mwaka 2017, na badala yake ikaongezwa tozo katika bei ya mafuta. Basi aliliogopa deni lisilokuwapo, akayasahau yaliyokuwapo.

Tano, bima. Sheria hairuhusu gari kwenda barabarani bila bima ya mtu wa tatu. Yetu ilikuwa shilingi 118,000.

Sita, gari lenyewe. Masharti ya mnada husema gari huuzwa kama lilivyo na mahali lilipo. Maana yake ni kwamba kasoro yoyote utakayoiona baada ya nyundo ni mali yako. Betri ilikuwa imekufa, 150,000. Magurudumu mawili hayakufaa kwa safari, 220,000. Fundi wa kutusindikiza pamoja na mafuta mpaka Babati, 120,000.

Saba, ada ya hifadhi. Baada ya kumaliza malipo tulipewa siku saba kuliondoa gari uwanjani. Kila siku iliyozidi ilikuwa shilingi 10,000.

Sasa fuateni fedha ya Baba mdogo. Baada ya kulipa bei yote alibaki na 400,000. Akatoa ada ya dalali, akabaki na 262,000. Akalipa TRA, akabaki na 156,000. Akalipa faini, akabaki na 66,000. Bima peke yake ilikuwa 118,000. Basi gari lilikuwa la kwetu kabisa, kadi ina jina letu, nalo limesimama katika uwanja wa watu halina betri, na siku zinahesabiwa.

Baba mdogo alipiga simu nyumbani. Bibi alikuwa na mtamba mmoja aliyemlea tangu ndama, ambaye alikuwa amesema kwamba akizaa, maziwa yake yatamnunulia mdogo wangu wa kike mahitaji ya kidato cha kwanza. Mtamba yule aliuzwa kwa shilingi 580,000. Mpaka fedha ikatufikia, siku tatu zilikuwa zimezidi, tukalipa 30,000 za hifadhi. Jumla ya malipo yote yaliyofuata nyundo ilikuwa shilingi 972,000, na gari la 4,600,000 likawa gari la 5,572,000. Tuliingia Nangara usiku tukiwa na shilingi 8,000 mfukoni.

Hapana mtu aliyetudanganya. Nilipolikunjua lile gazeti, nikakuta amana imeandikwa, siku 14 zimeandikwa, ada ya dalali imeandikwa, na hifadhi imeandikwa. Bibi aliniuliza swali moja tu: "Mjukuu wangu, ikiwa karatasi yote hukuisoma, huko shuleni wanakufundisha kusoma nini?" Sikuwa na jibu.

Kwa hiyo nimetafuta kanuni, nami nawapeni. Mtu asianze kwa kuuliza gari ni bei gani. Aanze na fedha aliyo nayo, arudi nyuma. Atoe kwanza gharama zisizobadilika bei ikipanda au ikishuka. Kwetu zilikuwa kuhamisha na kadi 60,000, faini 90,000, bima 118,000, betri 150,000, magurudumu 220,000, na safari 120,000, jumla 758,000. Katika 5,000,000 zinabaki 4,242,000. Kisha aangalie gharama zinazokwenda kwa asilimia: dalali 3 na stempu 1, jumla 4. Basi agawanye 4,242,000 kwa 1.04. Jibu ni kama 4,078,000. Hicho ndicho kikomo cha mkono wake. Akiwa na busara ataandika 4,000,000 katika kiganja, na mwingine akitaja zaidi, aurudishe mkono mfukoni na kwenda zake. Angelifanya hivyo Baba mdogo, labda gari lile tungelikosa, lakini magari ya mnada hayaishi, na mtamba angelikuwapo.

Gari linafanya kazi, sitaki kusema uongo. Baba mdogo hupeleka mafuta yake vijijini, na amemwahidi Bibi mtamba mwingine baada ya mavuno ya alizeti. Mwezi uliopita rafiki yake alimjia na tangazo la mnada mwingine, akiomba ushauri. Baba mdogo akamwambia asubiri likizo, mimi nirudi, nimsomee. Akaongeza, "Ataanza na maandishi madogo."

Wenzangu, Waswahili husema kuuliza si ujinga. Nami naongeza kwamba kusoma mpaka chini ya karatasi si kupoteza wakati. Nakoma hapa.