Vina vya Mbele na Vina vya Nyuma: Neno Kuhusu Upatano Katika Ushairi

Wanamapokeo na wanamageuzi wakikutana, iwe semina au kantini, neno "upatano" halikosi kutajwa. Wa kwanza hudai kwamba shairi ni upatano wa sauti, na hapo wanakusudia vina. Wa pili hujibu kwamba upatano wa sauti si kitu kama mawazo hayapatani. Mimi naona pande zote mbili zimekuwa zikitazama mahali pamoja tu, yaani mwisho wa mstari, kama kwamba sauti za Kiswahili hazina pengine pa kukutana. Katika makala hii nakusudia kuonyesha kwamba lugha yetu ina upatano wa namna mbili, mmoja unakaa nyuma ya neno na mwingine unakaa mbele, na kwamba ule wa mbele ndio unaoulipia gharama ule wa nyuma.

Wa nyuma tunaujua tangu sekondari. Katika shairi la kawaida kila mshororo una mizani kumi na sita, nane za ukwapi na nane za utao, na kila kipande kinaishia kwa kina chake. Kaluta Amri Abedi alizipanga sheria hizi katika kitabu chake cha 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, na wengi wetu tumefundishwa ushairi kwa kufuata nyayo zake hata kama hatujawahi kukishika kitabu chenyewe.

Jambo ambalo hatuambiwi sana ni kwamba kina kimoja peke yake ni bei rahisi mno katika Kiswahili. Silabi zetu karibu zote huishia kwa irabu, na irabu ni tano tu. Vitenzi vyetu vya asili ya Kibantu huishia kwa -a, vikikanushwa katika wakati uliopo huishia kwa -i, vikiwa vya kutaka au kuomba huishia kwa -e. Ongeza unyambulishaji: pendana, pigana, agana, sutana. Hebu niambie, mtu aliyeziweka hizo nne mwisho wa ubeti ametunga vina, au ni sarufi iliyomtungia? Nadhani ni sarufi. Kazi ngumu ya mtunzi iko kwingine: kulipeleka neno linalohitajika mpaka mahali pa kina bila maana kumwagika njiani. Na hapa ndipo upatano wa pili unapoingia.

Upatano wa mbele ni ule ambao katika darasa la isimu tunauita upatanisho wa kisarufi. Viti vyangu vizuri vimevunjika: vi-, vy-, vi-, vi-. Nomino inatoa sauti, na maneno yote yanayoitegemea yanaiitikia. Tumeizoea mno hata hatuisikii. Tunaifanyia zoezi, tunapewa alama, tunakwenda zetu.

Sasa tazama mshororo huu, niliouunda kwa ajili ya mfano tu:

Kikombe changu kizuri, kimevunjika mezani.

Hesabu, mizani ni kumi na sita. Kina cha kati ni -ri, cha mwisho ni -ni. Tuseme ubeti wangu unadai -mbe na -ka. Nageuza:

Kizuri changu kikombe, mezani kimevunjika.

Ukidai -ngu katikati, nasema "Kizuri kikombe changu", na mizani haijapungua wala haijazidi. Maneno ni yaleyale, vina vimebadilika, na hakuna msomaji atakayepotea. Sokoni ukisema "kizuri changu kikombe" watu watakucheka, lakini watakuelewa. Kwa nini? Kwa sababu ki-, ch-, ki-, ki- zinaitana hata zikitenganishwa. Zile sauti za mbele ni kama sare za shule: watoto wakitawanyika uwanjani bado unajua nani ni wa darasa gani.

Wataalamu wa arudhi huita mchezo huu kuboronga sarufi, na huuhesabu miongoni mwa uhuru wa mshairi, pamoja na inkisari na mazida. Jina lenyewe silipendi. Sarufi haikuborongwa hata kidogo. Kilichovurugwa ni mpangilio wa maneno, na umevurugika salama kwa sababu sarufi imebaki imara. Ngeli ndiyo iliyomdhamini mtunzi.

Dhamana hiyo ina mipaka yake. "Kitabu cha jirani kizuri" hakina shaka, kizuri ni kitabu. Lakini "mtoto wa jirani mgonjwa"? Hapo sijui nimpelekee nani uji. Nomino mbili za ngeli moja zikikaa pamoja, sare zinafanana na mwalimu anachanganyikiwa. Matata zaidi yako katika ngeli ya I-ZI, ambamo maneno mengi ya kukopa yamepata makazi. "Barua ya benki mpya": mpya ni ipi? Ndiyo maana, kwa maoni yangu, ubeti uliojaa barua, meza, kalamu, benki na sheria huhitaji mpangilio wa karibu na wa kawaida, na mtunzi wake hawezi kuchezea nafasi kama mwenye vikombe na viti. (Na kuna kiboko! Kiboko mkubwa ni mnyama, kiboko kikubwa ni cha kuchapia. Hapo kiambishi kinafanya kazi ya kamusi nzima.)

Turudi kwenye mgogoro. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, mwaka mmoja tu baada ya Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla, diwani iliyotoka gerezani ikiwa imefungamana na vina na mizani, walalamikaji walisema upatano umetupwa. Wa nyuma, naam, uliachwa. Wa mbele utauachaje na bado unasema Kiswahili? Sidai kwamba Kezilahabi alikaa akihesabu viambishi. Ninachodai ni kwamba yeyote anayetunga shairi huru anarithi mwangwi huu, apende asipende, na akiwa na sikio ataupanga. Kwa mfano, mistari hii ni yangu:

Milango mikubwa ya mji
imefungwa.
Mikono midogo inagonga,
inachoka,
vidole vinaanza kuhesabiwa kimoja kimoja.

Mwishoni hakuna kina kinachorudi. Lakini mi- imekuja mara nne na i- mara tatu, kisha vi-, kisha ki-, ki-. Sikio linasikia wingi ukivunjika mpaka umebaki umoja. Mistari hii si shairi kubwa, najua.

Mwanamapokeo atanikamata hapa. Atasema: upatanisho huo umo hata katika tangazo la msikitini, "viatu vichafu viachwe nje". Kama umo katika kila sentensi, vipi uwe alama ya ushairi? Hoja hii ni nzito na siidharau. Jibu langu ni kwamba hata ile -a ya mwisho wa vitenzi imo katika kila gazeti, na bado tunamsifu anayeipanga vizuri. Malighafi ni ya wote, ufundi ni wa kupanga. Hata hivyo nakubali kwamba kina cha nyuma kina faida moja ambayo kiambishi hakina: kinampa mwimbaji mahali pa kutua. Shairi la mapokeo huimbika, na mistari yangu ile mitano hata mimi siwezi kuiimba.

Naandika haya kwa sababu mwenzetu mmoja alirudishiwa shairi lake na jarida fulani likiwa na maelezo mafupi kwamba "halina upatano wowote". Nimelisoma shairi lile mara tatu. Ubeti wa kwanza una u- na wa- zinazofukuzana vizuri kabisa. Ubeti wa pili ndio dhaifu: nomino zote ni za I-ZI, vivumishi vimetupwa mbali nazo, na kuna nzuri mbili ambazo hazijulikani ni za nani. Kama wahariri wangemwonyesha hapo, angerekebisha jioni ileile.