Sifungui tena ukurasa wangu kwenye kompyuta ya mtu

Leo naleta hili la kwangu, maana lilinigharimu 85,000.

Nauza vitenge hapa Somanda, Bariadi, na wateja wengi nawapata Facebook. Siku moja nilienda steshenari kuprinti karatasi, nikaomba nifungue Facebook kwenye kompyuta yao nitoe picha ya mzigo. Brauza, yaani ile Chrome ya kuingilia intaneti, ikauliza kama ihifadhi nywila. Nikabofya ndiyo bila kusoma, nikalipa, nikaondoka. Hata kutoka kwenye akaunti sikutoka.

Siku nne baadaye mteja wa Maswa ananipigia: "Dada, mbona vitenge vyangu havijafika na hela nilishatuma?" Kumbe kuna mtu kaingia kwenye ukurasa wangu, anawaandikia wateja watume advansi kwenye namba yake. Nilimrudishia kwa hela ya mtaji. Ningefanyaje, jina ni langu.

Nikabadili nywila, nikatoa akaunti kwenye vifaa vyote, nikaweka uthibitisho wa hatua mbili. Namba ya tapeli nikairipoti 15040.

Tangu hapo brauza nimeipunguzia kazi. Mambo ya hela nafanya kwa menyu ya simu, kwa M-Pesa ni *150*00#. Malipo ya serikali ukishapewa kontroo namba unalipia hapohapo, huhitaji kufungua tovuti wala kuwasha data. Linki ya mkopo au ya "hakiki akaunti yako" siibofyi, ukurasa bandia unafanana na wa kweli mpaka rangi. Kuprinti napeleka faili kwenye flashi. Na kama umewahi kufungua WhatsApp kwenye kompyuta ya watu, ingia sasa hivi kwenye vifaa vilivyounganishwa, toa usichokijua.

Kuna wanaosema tumia inkognito. Ile inafuta historia kwenye kifaa ukiifunga, basi. Tovuti bado zinakuona. Mwaka 2024 Google walikubali kufuta data zilizokusanywa watu wakiwa humohumo, baada ya kushtakiwa Marekani.

Ila menyu nayo haikusaidii kama PIN unamtajia kijana wa dukani. (Mimi nilikuwa namtajia.)

Mteja wa Maswa karudi, wiki iliyopita kachukua doti tatu. Ila siku hizi hatumi hela mpaka anipigie asikie sauti yangu.