Ndoano ya mgeni, ujuzi wa mvuvi: biashara inayosubiri Mto Ugalla

Kuna tawi la utalii ambalo mteja wake hulipa maelfu ya dola kwa wiki moja ili ashinde ndani ya boti, arushe mshipi, amvute samaki hadi ubavuni, ampige picha, kisha amwachie arudi majini. Kwa anayevua ili ale, jambo hilo ni gumu kueleweka. Kwa mwenye kupiga hesabu ni jepesi: samaki aliyeachiwa akiwa mzima anaweza kuleta mapato tena msimu ujao. Tanzania imekwisha kuionja biashara hii. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 kampuni kutoka Afrika Kusini ilianza kuwapeleka wageni kwenye mito ya Mnyera na Ruhudji, bonde la Kilombero, ndani ya eneo la uwindaji wa kitalii. Walichokifuata ni samaki mwenye meno marefu yanayojitokeza nje ya mdomo, ambaye wavuvi wa Ziwa Tanganyika humwita kibebe. Kule Kilombero walivuliwa wenye kilo 9 na zaidi, na ukubwa huo ukaitangaza mito hiyo kwa wavuvi wa Ulaya na Marekani. Mkoa wa Katavi unao mto unaoweza kuingia katika soko hilo. Naona utafanikiwa kwa sharti moja tu, kwamba wavuvi wa vijijini waliokuwa wakiutumia mto huo wawe wabia wa biashara tangu siku ya kwanza, kwa kuwa bila wao hakuna bidhaa ya kuuza.

Anayelitaja jina la Katavi kwa kawaida huufikiria Mto Katuma, unaopita katikati ya Hifadhi ya Taifa ya Katavi yenye kilometa za mraba 4,471. Huo si mto wa safari za uvuvi. Wakati wa kiangazi hupungua mpaka viboko wanabanana kwa mamia katika madimbwi machache ya matope, na sehemu ya maji yake hutumika juu ya hifadhi kwa kilimo cha mpunga kabla hayajafika Ziwa Katavi na Ziwa Chada. Mto unaofaa uko kaskazini. Ugalla unaanzia pale mito Wala na Koga inapokutana, unaelekea magharibi kupitia misitu ya miombo na mbuga zinazofurika, kisha maji yake yanaingia Malagarasi na hatimaye Ziwa Tanganyika. Ni sehemu ya ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, yenye kilometa za mraba 32,500, ambayo mwaka 2000 ilikuwa ya kwanza nchini kuandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar. Kuufikia si kazi ngumu kama ilivyokuwa zamani. Reli ya kilometa 210 kutoka Kaliua hadi Mpanda, iliyojengwa kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, inauvuka mto huo, barabara ya Tabora hadi Mpanda inayopita Koga sasa ni ya lami, na ndege za abiria hutua Mpanda.

Tatizo la Ugalla, ambalo pia ndilo thamani yake, ni kwamba hauna sura moja mwaka mzima. Masika hutapakaa kwenye mbuga na hakuna anayejua mkondo uko wapi isipokuwa aliyekulia hapo. Kiangazi kikikolea, mtiririko hukatika na mto hubaki kuwa mlolongo wa mabwawa yaliyotenganishwa na mchanga na matete. Hivyo haiwezekani kuuza safari ya kuteremka mto kwa boti wiki mbili mfululizo kana kwamba ni Zambezi. Kinachoweza kuuzwa ni safari ya kuhama kutoka bwawa hadi bwawa, kwa mtumbwi penye maji na kwa miguu pasipo maji. Safari ya namna hiyo inamtaka mtu anayejua bwawa lipi halikauki hata mwaka wa ukame, samaki hukimbilia wapi maji yakipoa alfajiri, mamba hulala ukingo upi na kiboko mwenye ndama yuko kona gani. Ujuzi huo hauko kwenye ramani wala hauagizwi kutoka nje pamoja na fimbo za kuvulia.

Ujuzi huo unao watu. Ugalla lilikuwa Pori la Akiba tangu mwaka 1965, na kwa miaka mingi wakazi wa vijiji jirani waliruhusiwa kuingia wakati wa kiangazi, kwa kibali na kwa ada, kuvua samaki na kurina asali. Samaki walikaushwa kwa moshi kambini na kupelekwa kwenye masoko ya miji. Mwaka 2019 sehemu kubwa ya pori hilo ilipandishwa hadhi kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, yenye kilometa za mraba 3,865, chini ya Shirika la Hifadhi za Taifa (TANAPA), na hifadhi ya taifa haina nafasi ya matumizi ya aina hiyo. Uamuzi ulikuwa na sababu za msingi, kwa maana nyavu za matundu madogo, moto wa kukaushia samaki na ujangili uliojificha nyuma ya kambi za wavuvi vilikuwa vimeuchosha mto. Hata hivyo, gharama ya uamuzi huo ililipwa na kaya za vijijini, na sasa hifadhi inatafuta wageni katika mto ambao wajuzi wake wamekaa nyumbani.

Wahifadhi watasema kwamba kumrudisha mvuvi mtoni, hata kama ni kiongozi wa wageni, ni kufungua mlango uliofungwa kwa taabu. Hofu hiyo ina msingi, lakini inachanganya mtu na zana. Aliyeumaliza mto ni kokoro lililokokotwa usiku bila kuhesabiwa. Kiongozi aliyesajiliwa kwa jina, anayelipwa kwa siku na anayejua kwamba samaki mkubwa akiliwa leo ajira yake ya kesho inapungua, ana sababu yake mwenyewe ya kumripoti mwenye kokoro. Na kwa wanaodai kwamba kijiji hakiwezi kusimamia fedha za mazingira, mfano uko ndani ya mkoa huohuo. Katika Wilaya ya Tanganyika, vijiji vinane vinavyozunguka milima ya Ntakata vimetunza misitu yao na kuuza hewa ukaa, vikapata mabilioni ya shilingi yaliyoingia katika madarasa na zahanati. Vilifika hapo kwa mkataba ulioandikwa na mgao uliojulikana, na hilo ndilo lililokosekana katika vibali vya zamani vya Ugalla.

Wapo pia watakaosema kiasi chenyewe ni kidogo. Ni kweli. Kambi ya uvuvi wa aina hii hupokea wageni wachache kwa wakati mmoja, na msimu hauzidi miezi michache. Haitaajiri maelfu, na anayeahidi hivyo kwenye jukwaa anawadanganya wananchi. Lakini pato la mkoa halipimwi kwa bei ya tiketi ya mgeni. Linapimwa kwa kinachobaki baada ya ndege, vifaa, wakala wa ng'ambo na mwongozaji wa kigeni kulipwa. Kampuni ikija na kila kitu chake, kinachobaki ni ada ya serikali na ujira wa wapishi na wabeba mizigo. Kiongozi akiwa mtu wa Nsimbo au Mlele, mtumbwi ukiwa umechongwa hapohapo, mchele ukitoka Mpimbwe na asali Inyonga, fungu linalobaki linakua bila kuongeza mgeni hata mmoja. Kuna jambo jingine ambalo halijatazamwa vya kutosha. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi katika Ziwa Tanganyika zilisitishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya nchi zinazolizunguka. Miezi hiyo mabaharia wa Karema na Ikola, wenye ujuzi wa boti na injini, walikaa bila kazi, nayo ndiyo miezi ambayo Ugalla bado una maji ya kutosha kupitisha mtumbwi.

Miezi hiyo inafaa kwa sababu ya samaki mwenyewe pia. Kumwachia samaki si dawa ya kila kitu, kwa kuwa samaki aliyepigana kwa muda mrefu katika maji ya moto yenye hewa kidogo anaweza kuogelea akaondoka mbele ya kamera na kufa baada ya saa chache. Mabwawa ya Oktoba yana sifa hizo zote. Msimu ungepaswa kufungwa mapema Septemba, hata kama waendeshaji watalalamika kwamba samaki huvulika kwa urahisi zaidi maji yanapobanwa, na baadhi ya mabwawa yasiguswe kabisa ili yabaki kuwa mazalio. Mwenye kujua ni mabwawa yapi, tena, ni mvuvi wa zamani.

Bado iko hatari iliyo nje ya hifadhi. Maji ya Wala na Koga yanapita katika wilaya za tumbaku na mifugo, ambako kuni za kukaushia tumbaku zimekula miombo mingi na ng'ombe hushuka mabondeni kiangazi. Yaliyoupata Katuma kwa sababu ya mpunga yanaweza kuupata Ugalla kwa njia nyingine. Mwekezaji wa kambi hana mamlaka juu ya bonde hilo, na TANAPA mipaka yake inaishia kwenye bikoni. Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Tanganyika inayo mamlaka, chini ya sheria ya rasilimali za maji ya mwaka 2009, ya kutoa na kunyima vibali vya kuchukua maji. Kwa hiyo zabuni ya uvuvi wa kitalii Ugalla ikitangazwa, inapaswa kutaja mambo matatu waziwazi: idadi ya viongozi wa vijijini watakaofundishwa na kulipwa, asilimia ya mapato itakayokwenda kwenye akaunti za vijiji, na ada maalumu itakayogharamia upimaji wa maji pale Koga kila mwezi wa kiangazi, matokeo yake yakibandikwa kwenye ofisi za vijiji vya pande zote mbili za mto.