Nyumba ya Kasuku na Ulinzi Wake

Katika vijiji vingi vya Maniema, karibu na machimbo ya kasiterite na ya zahabu, mtaona kasuku barazani. Mmoja amefungwa mguu kwa kamba. Mwingine yumo ndani ya kizimba kidogo cha fito, hata mkia wake unatoka nje. Mwingine tena ametiwa katika bidoni la mafuta lililotobolewa matundu kwa msumari. Mwenyewe anasema: Ndege wangu ni mzima, sikieni anavyopiga mluzi. Lakini mkimtazama vizuri mtaona kifua hakina manyoya, mkia umevunjika, na mchana kati macho yamefumba. Ndege huyu si mzima. Anakufa polepole, na watu hawajui.

Tutasema hapa juu ya kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, ambaye kwa Lingala anaitwa nkoso.

Kwanza mjue ndege huyu ni wa namna gani, maana asiyejua mwili wa mnyama hawezi kumjengea nyumba. Tangu kichwa hata mkia urefu wake ni santimetre 33 hivi. Uzito wake ni gramu 400 na zaidi kidogo. Akikunjua mabawa yote mawili, tangu ncha hata ncha ni karibu nusu ya metre. Msituni anaruka mbali kila siku kutafuta ngazi za michikichi na matunda mengine, na jioni anarudi kulala pamoja na wenzake, mamia kwa mamia, kwa makelele makubwa. Mdomo wake hupasua kokwa ngumu. Na umri wake ni mrefu: akitunzwa vizuri anaweza kuishi miaka 40, na wengine hupita hapo. Kuku mtamla mwaka huu, mbuzi mtamuuza mwaka ujao, lakini kasuku atakuwapo siku mtoto wenu anapooa, naye atataka kula siku hiyo pia.

Tena ana akili. Huko Marekani kulikuwa na kasuku wa kijivu aliyeitwa Alex, aliyefundishwa na bibi mwalimu Irene Pepperberg kwa miaka 30 hata alipokufa mwaka 2007. Alijua kutaja vitu na rangi zake, na kuhesabu mpaka 6. Ndege mwenye kichwa cha namna hii, mkimfunga peke yake katika bidoni, atafanya nini mchana kutwa? Atajinyonyoa manyoya. Watu husema ni chawa. Pengine ni chawa, pengine ni ugonjwa mwingine, lakini mara nyingi ni upweke na kukosa kazi.

Mtu atauliza: Basi, niende msituni nikamtwae mmoja, nimjengee vizuri kama mnavyosema? Hapana. Kasuku jike hutaga mayai matatu au manne tu katika shimo la mti mkubwa, huyalalia karibu mwezi mzima, na watoto hukaa humo muda wa miezi miwili na nusu au mitatu kabla ya kuruka. Mkiukata mti ule ili mpate watoto wawili, mmeharibu nyumba ambayo ingetumika miaka mingi. Na wale wanaonaswa kwa ulimbo juu ya matawi, wengi hufa kabla ya kufika mjini: mabawa yamekatwa, manyoya yameshikana, wamesongamana sandukuni bila maji. Mtu wa pikipiki anayekuja kununua hawasemi wale waliokufa njiani, anasema bei ya wale waliobaki tu. Katika inchi ya Ghana kasuku walikuwa wengi sana zamani. Tangu mwaka 1992 wamepungua hata karibu kwisha kabisa. Kwa sababu hiyo inchi nyingi zilipatana katika mkutano wa CITES, na tangu tarehe 2 Januari 2017 biashara ya kasuku wa msituni kuvuka mipaka ya inchi imekatazwa. Mtu akija kijijini na kuwaambia kwamba ana karatasi, mwende kwanza kwa afisa wa mazingira wa teritware mkamwulize.

Basi somo hili ni kwa yule ambaye kasuku yumo nyumbani mwake tayari, na hawezi kurudi msituni kwa sababu amezeeka humo ama bawa lake limeharibika.

Sasa kizimba. Watu hufanya kizimba kirefu chembamba kama mnara, maana wanaona ndege ni kitu cha juu. Hii si kazi nzuri. Kasuku haendi juu na chini tu, anakwenda kwa upande, na anataka nafasi ya kukunjua mabawa yote mawili bila kugusa fito. Upana ni bora kuliko urefu. Mkiwa mnajenga wenyewe kwa mbao, fanyeni upande wa mbele metre 1, kwenda ndani santimetre 80, kwenda juu metre 1 na nusu. Asiyeweza, asipunguze chini ya santimetre 60 kwa 60, na 90 kwenda juu; na huyo ni lazima amtoe ndege nje kila siku atembee. Kizimba kiwe na pembe nne. Kile cha mviringo kinapendeza macho, lakini ndege akiogopa hana kona ya kujificha.

Fito za mianzi atazitafuna zote kwa juma moja. Si ubaya wake, ndiyo kazi ya mdomo. Kwa hiyo tumieni mbao ngumu kwa miguu na viungo, na waya mnene kwa kuta. Nafasi kati ya waya na waya isipite upana wa kidole gumba, santimetre 2 hivi, maana akipitisha kichwa hataweza kukirudisha, atajinyonga. Waya mwembamba wa kuku haufai: anaukata, na vidole vyake vinanaswa humo.

Hapa kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui. Waya mpya unaong'aa umepakwa zinki ili usishike kutu. Kasuku hupanda kuta kwa mdomo, naye huilamba zinki ile na kuimeza. Ikizidi mwilini inamuua: anatapika, anatetemeka, mavi yanageuka majimaji. Basi kabla ya kumtia ndani, usugueni waya wote kwa brashi na maji ya limau, suuzeni kwa maji mengi, kisha uacheni nje siku kadhaa upigwe na mvua na jua. Risasi ni mbaya kuliko zinki. Msiunge waya kwa risasi ya kulehemu, wala msimpe kipande cha batri ya gari achezee. Na bidoni lililotiwa dawa ya shamba, hata likioshwa mara kumi, si nyumba ya ndege wala si chombo cha maji yake.

Ndani wekeni matawi ya mpera pamoja na maganda yake, yasiyolingana unene: moja nene kama vidole viwili, moja nyembamba zaidi, moja lililopinda. Mguu unaokanyaga mti mmoja laini sikuzote hupata vidonda chini ya nyayo. Akilitafuna tawi, shukuruni, lete jingine. Tawi lisiwe juu ya chakula, maana atanya humo. Mlango mfunge kwa waya ama kufuli, kwa sababu kishikizo cha mti atakifungua wakati ninyi mko shambani.

Mahali pa kuweka kizimba ni jambo kubwa sawa na kizimba chenyewe. Kiwe juu ya miguu, kimo cha kifua cha mtu, upande mmoja ukiegemea ukuta ili ndege asitazame nyuma kila mara. Apate jua la asubuhi, si kwa kupendeza, bali kwa sababu mwili wake hutumia jua hilo ili chokaa ya chakula ifike katika mifupa. Kasuku wa kijivu kuliko ndege wengine huugua kwa kukosa chokaa: anaanguka, anakazana mwili kama mwenye kifafa. Lakini nusu ya kizimba iwe na kivuli sikuzote. Usiku afunikwe kwa kitambaa, alale saa 10 hata 12 bila taa na bila redio. Miguu ya kizimba isimame ndani ya makopo yenye maji na mafuta kidogo juu, kwa ajili ya siafu. Siafu wakimkuta amefungiwa hawaachi kitu. Mkisikia anapiga kelele usiku, msimtukane, chukueni taa mwende mkaone.

Tena jikoni, hapana. Pafu la ndege halifanani na pafu la mtu. Hewa inapita humo upesi na kwa wingi, na sumu ya hewa inaingia vilevile. Ninyi watu wa machimbo mtaelewa upesi. Huko Uingereza wachimbaji wa makaa ya mawe walikuwa wakishuka shimoni na ndege wadogo wa manjano katika vizimba, hata mwaka 1986. Ndege akianguka, watu walijua kuna hewa mbaya, wakakimbia kabla yao wenyewe hawajaanguka. Kasuku wenu naye ni hivyo. Moshi wa makala unamdhuru. Na yule anayechoma zahabu nyumbani ili zebaki itoke, ajue kwamba mvuke ule hauonekani, nao unaingia katika pafu la kasuku, la mtoto na la mama mwenye mimba. Kazi hiyo isifanywe nyumbani kamwe, iwe kuna ndege ama hakuna.

Chakula ni rahisi, maana inchi yetu ndiyo inchi yake. Ngazi mbivu zile nyekundu ni bora sana: rangi yake nyekundu ndiyo dawa ya macho, ya ngozi na ya pua ya ndege. Mpeni chache kila siku pamoja na mapapai, ndizi mbivu, mahindi mabichi, lenga-lenga, na maboga. Maganda ya mayai ya kuku, yaliyochemshwa na kusagwa, ni chokaa yake. Watu humpa karanga tupu kutwa kucha kwa sababu anazipenda. Karanga zinamnenepesha bila kumpa nguvu, na zikiwa na ukungu zina sumu inayoharibu ini. Karanga msizokubali kula wenyewe, msimpe.

Avoka ni sumu kwake: tunda, majani, na tawi la mti wake. Mihogo mibichi na sombe mbichi pia zina sumu. Maharagwe yapikwe kwanza. Chumvi, kahawa na sukari, hapana. Na wale wanaomnywesha lutuku ili watu wacheke, wanamuua mbele ya watu. Maji yabadilishwe asubuhi na jioni. Mara mbili ama tatu kwa juma mnyunyizieni maji mwilini wakati wa jua, ama mtoeni katika mvua nyepesi. Atafungua mabawa mwenyewe kwa furaha.

Akaeni pamoja na watu. Kusema kwake si mchezo tu: msituni anaitana na wenzake, na hapa wenzake ni ninyi. Aongezewe kazi: chakula kingine kifungwe ndani ya ganda la hindi ama majani, akitafute kwa mdomo. Asifungwe kamba mguuni, maana akiogopa na kuruka, mguu unavunjika.

Sasa ugonjwa. Ndege huficha ugonjwa wake hata nguvu zinapokwisha, kwa hiyo mtazameni kila asubuhi. Kasuku aliyevimbisha manyoya mchana, anayelala chini ya kizimba, anayepumua huku mkia ukipanda na kushuka, ama mwenye pua inayotoka maji, ni mgonjwa sana. Mtengeni, mpeni joto, na mwiteni mganga wa wanyama siku ile ile.

Upo ugonjwa mmoja wa kasuku unaowaingia watu. Mwaka 1929 na 1930 ulienea katika Ulaya na Marekani kwa ajili ya kasuku waliotoka Amerika ya Kusini, na watu wengi walikufa. Unaingia kwa vumbi la mavi makavu. Kwa hiyo kizimba kisafishwe kila siku, na kabla ya kufagia mwagieni maji kwanza, vumbi lisiruke. Kisha nawieni mikono kwa sabuni. Watoto wasimbusu ndege mdomoni, wala wasimpe chakula kutoka katika vinywa vyao. Mtu wa nyumba akipata homa kali, kichwa kuuma na kikohozi kikavu, watu watasema ni malaria, naye atakunywa dawa za malaria asipone. Huyo aende dispansere, na asisahau kumwambia muuguzi kwamba nyumbani mwake kuna kasuku, maana dawa ya ugonjwa huu ipo, lakini si ile ya malaria, na muuguzi hawezi kuufikiri asipoambiwa.