Vumbi la mwezi wa kumi mu nyumba yenye watoto wadogo

Mu kurasa za Kifaransa za gazeti hili, miezi hii inaitwa "automne": majani yanaanguka, baridi inaingia. Huko Ulaya njo hivyo. Huku kwetu Katanga mambo yanakwenda kinyume. Baridi ya mwezi wa sita na wa saba imekwisha, jua linakaza, miti ya pori inatoa majani mapya mekundu hata mbele mvua haijanyesha, na ku Lubumbashi jacaranda zinamwaga maua mu barabara. Ni vizuri kuangalia. Lakini mama mwenye mtoto wa miaka miwili na mwingine wa miezi mitatu mu nyumba ya camp hana wakati wa maua. Yeye anapigana na vumbi.

Tangu mwezi wa tano hakuna mvua. Makamioni ya mawe ya shaba na kobalti yanapita mchana na usiku, na kila moja linaacha wingu nyuma. Mama anapangusa meza asubuhi, saa sita anaweza kuandika jina lake juu yake kwa kidole. Mtoto wa miaka miwili yeye anaandika chini, na kidole kinaenda mu kinywa. Yule wa miezi mitatu amelazwa ku mkeka kwa sababu ndani iko moto.

Mwezi wa tisa unaleta shida ingine ambayo wanaume wengi hatuihesabu. Mu vakansi yaya yao mkubwa alikuwa nyumbani: alimbeba mdogo mgongoni, alimfuatia yule anayeanza kukimbia-kimbia, alichota maji. Masomo yakifunguliwa, anavaa bulu na nyeupe anaenda. Mama anabaki peke yake na wawili: mmoja anataka ziwa, mwingine amekwisha kufika ku mbabula. Ni mikono miwili tu. Mtu akirudi kazini akikuta bukari haijaiva, asiulize mama alifanya nini kutwa. Alizuia mtoto asiungue.

Halafu kuna jambo la usingizi, na hapa tunataka kukaa kidogo, kwani ni jambo la usalama wa kazi na si la nyumba peke yake. Baba wa posti ya usiku anafika jua limekwisha kupanda. Anataka kulala. Nyumba ni vyumba viwili, manjanja yanapiga moto, na mwezi wa kumi njo wenye joto kuliko yote. Mtoto wa miaka miwili hajui posti. Kwake baba amekuja, basi ni kucheza. Anapiga beseni kwa kijiko, anaita "papa, papa" ku mlango. Mama anamchukua, anamweka yule mdogo mgongoni, anatoka nao ku jirani paka saa nane ili baba apate kulala. Kila siku ya posti ya usiku, wiki nzima. Mwanamke huyo anafanya kazi ya kompani bila kuandikwa mu kitabu chochote. Kwani huyo baba usiku ule ule atapanda juu ya kamioni la tani nyingi, na macho yakifunga dakika moja, tunajua kinachofuata. Tunapozungumza na washefu juu ya ratiba za posti, watuelewe: saa za kulala zinahesabika kuanzia pale mtu anapolala kweli, hazianzi pale busi inapomteremsha.

Sasa tuje ku salopeti. Wengi wetu tunarudi nayo nyumbani. Tumeivaa saa nane au saa kumi na mbili mu vumbi la mgodi, mu kiwanda, ku asidi, na tunaivua mu chumba ambamo mtoto amelala. Mbele ya kuivua, tunapigiwa mbio: mtoto wa miaka miwili anashika miguu, anataka kubebwa, uso wake unaenda moja kwa moja ku kifua cha salopeti. Baba gani atamsukuma? Kisha mama anaifua mu beseni, na saa ingine beseni ni ile ile ya nepi.

Hatusemi hivi kwa kuogopesha watu. Wenye elimu wamepima. Mwaka 2018 walitoa matokeo ya uchunguzi wa Kasulo, hapa Kolwezi, kule watu walichimba kobalti katikati ya nyumba. Wakaaji wa Kasulo walikutwa na kobalti nyingi mu mukojo na mu damu kuliko watu wa mtaa wa jirani, na watoto njo walizidi wakubwa. Mwaka 2020, watafiti wa Universite ya Lubumbashi na wenzao wa Ubelgiji walitoa uchunguzi mwingine uliofanyika Lubumbashi. Walilinganisha watoto 138 waliozaliwa na kilema kinachoonekana na wengine 108 waliozaliwa bila kilema. Watoto ambao baba yao alikuwa na kazi ya kulipwa ya migodi walikuwa wengi zaidi upande wa vilema. Uchunguzi huo haukusema kila mtoto wa mchimbaji atazaliwa na kilema. Vilema hivyo ni vichache, na wengi wetu tuna watoto wazima wanaopiga kelele, asante Mungu. Lakini unatosha kwa kuuliza: kwa nini vumbi la kompani linafuliwa mu beseni ya mama?

Wazee wetu watakumbuka kwamba watoto hawakuwa kitu cha pembeni mu migodi hii. Tangu mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière iliwaacha wafanyakazi walete bibi zao mu camp, ikapima watoto kilo, ikahesabu posho kwa familia. Haikuwa huruma. Ilikwisha kuona kwamba mtu mwenye familia hakimbii, na kwamba mtoto wa camp atakuwa mfanyakazi kesho. Baadaye Gécamines ilibaki na malopitali na masomo yake. Leo makompani ni mengi, na chini ya kila kompani kuna za sutretansi, na mu sutretansi mtu anaambiwa kontra yake inaishia ku mlango wa mgodi. Kontra inaweza kuishia pale. Vumbi linapanda naye mu busi.

Kwa hiyo, yale tunayoomba mu mazungumzo ni mambo madogo kwa kompani: vestieri yenye makabati mawili kwa kila mtu, moja la nguo za kazi na moja la nguo za nyumbani; dushi yenye maji kweli; na nguo za kazi zifuliwe pale pale, kwa watu wa sutretansi vilevile. Kuna kompani inayofanya hivyo kwa wafanyakazi wake na kuwaacha wale wa sutretansi warudi wachafu, wakati wote walikuwa mu shimo moja. Hiyo hatuikubali.

Wakati tunangojea, mu nyumba tufanye hivi. Salopeti isikung'utwe. Ilowekwe kwanza mu maji, mu beseni yake peke yake, maji yamwagwe mbali na pale watoto wanachezea. Mabuti yabaki inje. Chini pafagiliwe kwa kunyunyiza maji. Na baba aoge mbele ya kubeba mtoto, hata kama mtoto analia. Alie dakika tano.

Kwa wale waliozaa mwaka huu, Kanuni ya Kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10, 2002, inasema mama mfanyakazi ana juma 14 za kupumzika kwa ajili ya kuzaa, na theluthi mbili za mshahara. Akirudi kazini na ananyonyesha, ana nusu saa mara mbili kwa siku, inayolipwa. Tuna bamama wanaoendesha makamioni na kufanya ku laboratwari, na wengine hawakuambiwa hata siku moja. Nusu saa ile inafaa nini kama mtoto yuko mbali na mgodi? Ni kweli. Njo maana tunaomba zihesabiwe pamoja, atoke saa moja mbele ya wengine. Na baba ana siku mbili za kazi bibi yake akizaa. Ni kidogo, lakini azichukue. Tunajua wenye kuziacha kwa kuogopa shefu.

Mvua ya kwanza ikinyesha, mwisho wa mwezi wa kumi ao mu wa kumi na moja, vumbi litashuka na watu watacheka mu barabara. Ni furaha ya kweli, harufu ile ya udongo, na nyuma yake maembe na vinkubala. Lakini mbu wanakuja nayo. Chandarua kishonwe sasa, na wote wawili walale chini yake. Mbabula isiingizwe mu chumba cha kulala kwa kukimbia mvua, kwani makala yanaua bila moshi. Mtoto wa miezi tisa apelekwe ku kilo kwa sindano ya surua na ya homa ya manjano, hata kama barabara ni matope.

Mu wiki mbili hizi wajumbe wetu watapita mu macamp, Kapata, Musonoi na Luilu, wakiuliza kila nyumba swali moja: salopeti inafuliwa wapi, na ni nani anaifua. Tunaomba bamama wajibu wenyewe, baba hata akiwa pale. Mahesabu hayo njo tutaweka juu ya meza ya kompani mbele ya mwisho wa mwaka.